Usaili wa mahojiano: namna ya kujibu maswali yanayorudi kila mara, kwa mfano wa kazi ya Mtendaji wa Kijiji

Kwenye usaili wa mahojiano wa kazi za serikali, kila mjumbe wa jopo ana karatasi mbele yake: maswali upande mmoja, nafasi ya alama upande mwingine. Maswali yameandaliwa kabla, na kwa kawaida wasailiwa wa kada moja huulizwa yaleyale. Wengi huingia wakidhani wanapimwa ucheshi na suti, kumbe mjumbe anasubiri hoja azipe alama. Hoja unayoijua ukatoka nayo kichwani bila kuisema haina alama. Hoja uliyoizungushia maneno mpaka ikapotea nayo haina. Hayo yote yanayofuata yanatokana na jambo hilo moja.

Mfano nitakaoutumia ni Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Tangazo lake hutoka mara kwa mara, kutoka halmashauri nyingi za Tanzania Bara, na kazi yenyewe ina kila kitu ambacho jopo hupenda kuuliza: sheria, fedha, migogoro na watu. Kama umeomba uhasibu, uuguzi au udereva, njia ni ileile, wewe badilisha majukumu tu.

Hatua ya kwanza: lichambue tangazo kwa kalamu

Tangazo la kazi ni karatasi ya mtihani iliyovuja kihalali. Chukua daftari, nakili majukumu yote kwa mkono, na mbele ya kila moja andika vitu viwili: sheria au utaratibu unaoliongoza, na tukio kutoka maisha yako linaloonyesha umewahi kufanya kazi ya namna hiyo.

Kwa mfano, tangazo linasema mtendaji atakuwa katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Upande wa utaratibu unaandika: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, Mkutano Mkuu ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, kamati za kudumu ni tatu, yaani fedha, uchumi na mipango, kisha huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, kisha ulinzi na usalama. Unaandika pia kilichomo kwenye muhtasari wa kikao: tarehe, mahali, akidi (idadi ya wajumbe inayotosha kufanya kikao), mahudhurio, ajenda, maazimio, saini. Upande wa tukio unaandika pale ulipokuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, au wa kamati ya harusi, ukaandika nani kachanga nini.

Ndiyo, hata kamati ya harusi. Mtu aliyewahi kusimamia michango ya ukoo bila ugomvi ana kitu cha kusema kuhusu fedha za watu.

Hatua ya pili: andaa matukio matano au sita

Huwezi kukariri jibu la kila swali, lakini unaweza kuwa na matukio machache unayoyajua vizuri kiasi cha kuyageuza upande wowote. Moja la mgogoro ulioutatua, moja la fedha ulizozitunza, moja la kazi iliyokushinda mwanzoni, moja la kusimamia watu, moja la kukataa jambo lisilo halali. Kila tukio liwe na sehemu nne: hali ilikuwaje, ulitakiwa kufanya nini, wewe ulifanya nini, ikaishaje. Weka namba palipo na namba.

Angalia sana kiwakilishi. Tumezoea kusema "tulifanya, tuliandaa, tukafanikiwa", kwa sababu kujisifu hadharani ni aibu kwetu. Kwenye usaili unyenyekevu huo unakunyima alama, kwa kuwa jopo halijui wewe ulikuwa nani kati ya hao "sisi". Sema "kikundi kiliamua kukopesha, mimi nilitengeneza daftari la marejesho". Hujajisifu hapo, umetaja kazi yako tu.

Kisha yaseme kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo hakusaidii. Jirekodi kwa simu, dakika mbili kwa kila jibu, ujisikilize. Utasikia mwenyewe unavyosema "aaah" na "kwa kweli" kila baada ya maneno manne.

Kuingia chumbani

Hapa nitapita haraka. Vyeti halisi, siyo nakala: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha taaluma na vinginevyo vilivyotajwa. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili huwa yanasema wazi kwamba hati za matokeo hazipokelewi badala ya cheti. Kitambulisho usikisahau, na kama jina limetofautiana kwenye vyeti, beba hati ya kiapo.

Salamu huwatatiza wengi. Jopo linaweza kuwa na mzee wa miaka 58 na kijana wa rika lako. "Habari za asubuhi" kwa heshima, ukiinamisha kichwa kidogo, inawatosha wote. Kama mwenyekiti ni mtu mzima kabisa, "shikamooni" haina ubaya. Subiri uambiwe "karibu kiti". Sikiliza lugha ya swali; ukiulizwa kwa Kiingereza jibu kwa Kiingereza, na kama unataka kutumia Kiswahili, omba ruhusa kabla ya kuanza, siyo katikati baada ya kukwama.

"Jieleze kwa ufupi"

Swali hili huonekana jepesi, na ndilo linaloharibiwa kuliko yote. Jibu la kawaida huwa hivi: naitwa fulani, nimezaliwa wilaya fulani, ni mtoto wa tatu kati ya watoto watano, darasa la kwanza nilisoma shule fulani, darasa la saba… Mjumbe anayo CV yako mezani. Unamsomea anachokiona, huku dakika zinaondoka.

Jibu linalofaa lina mambo manne: wewe ni nani kitaaluma, umefanya nini kinachohusiana na kazi hii, unafanya nini sasa, na kwa nini umekuja. Lione kwa karibu:

"Naitwa fulani. Nina stashahada ya utawala wa serikali za mitaa kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo. Mafunzo kwa vitendo nilifanyia ofisi ya kata, ambako niliandika mihtasari ya vikao na kupanga upya rejesta ya wakazi. Tangu nimalize chuo ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 25. Naandika vitabu na kusoma mapato na matumizi mbele yao kila mwezi. Nimeomba nafasi hii kwa sababu kumbukumbu na fedha za wananchi ndizo sehemu kubwa ya kazi ya mtendaji, na ndizo nilizozizoea."

Haizidi dakika moja. Tena umemwonyesha mjumbe pa kuchimba: atakuuliza kuhusu rejesta au kikundi, vitu unavyovijua. Dini, kabila, hali ya ndoa na mchezo unaoupenda havina kazi hapo.

"Kwa nini unataka kazi hii?" na "Unajua nini kuhusu halmashauri yetu?"

"Napenda kuitumikia nchi yangu" ni maneno mazuri ambayo kila mmoja kwenye foleni ile nje atayasema. Usiyaache moja kwa moja, lakini yafuatishe na kitu cha mahali hapo. Kabla ya usaili ingia kwenye tovuti ya halmashauri husika: ina tarafa, kata na vijiji vingapi, wananchi wanaishi kwa zao gani, vyanzo vikuu vya mapato ya ndani ni vipi, Mkurugenzi Mtendaji ni nani. Jua mnyororo wa kazi pia: Mtendaji wa Kijiji anawajibika kwa Mtendaji wa Kata, na halmashauri zote ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Mtu anayesema "naona mapato yenu mengi yanatokana na ushuru wa mazao, na mtendaji ndiye yuko karibu na mkulima" ameshajitofautisha na wale wa "kuitumikia nchi".

Maswali ya majukumu

"Taja majukumu matano ya Mtendaji wa Kijiji." Hapa usipige insha. Sema "majukumu matano ni haya", kisha yahesabu: kwanza, ni Afisa Masuuli (mwenye dhamana ya fedha) na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji, pili, anasimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, tatu, anaratibu na kusimamia mipango ya maendeleo ya kijiji, nne, ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji, tano, anapokea, kusikiliza na kutatua malalamiko na migogoro ya wananchi. Kila moja sentensi moja, na pumziko dogo katikati. Unamrahisishia mjumbe kuandika.

Ugumu huja kwenye swali la nyongeza, kwa mfano: "Wananchi wanalalamika hawajasomewa mapato na matumizi mwaka mzima. Utafanyaje?" Wengi hujibu "nitaitisha mkutano mkuu". Hapo wameteleza. Mkutano wa kijiji huitishwa na kuongozwa na mwenyekiti. Mtendaji ni katibu. Jibu linaloonyesha unaijua kazi linakwenda hivi: nitapitia vitabu na stakabadhi kujua hali halisi, nitaandaa taarifa, nitaipeleka kwenye kamati ya fedha, uchumi na mipango, kisha Halmashauri ya Kijiji, halafu nitamshauri mwenyekiti aitishe Mkutano Mkuu isomwe, na nakala nitaibandika kwenye ubao wa matangazo. Kuanzia hapo nitaweka ratiba ya kila miezi mitatu, kama utaratibu unavyotaka. Nikikuta upotevu, namtaarifu Mtendaji wa Kata kwa maandishi.

Swali la tukio: ng'ombe wameingia kwenye mahindi

Kwa kada hii, mgogoro wa mkulima na mfugaji ni swali la kulitarajia. Jopo linapima mpangilio wa hatua zako zaidi ya ujasiri.

Anza na usalama, hata kama hujaulizwa. "Kwanza nitahakikisha hakuna anayeumizwa, nitawatuliza nikiwa na mwenyekiti wa kijiji na kamati ya ulinzi na usalama, na kama kuna silaha au dalili ya vurugu nitawaita polisi mara moja." Kisha ukweli wa jambo: kwenda shambani na pande zote mbili, kumshirikisha Afisa Ugani afanye tathmini ya hasara, kuandika na kusainisha. Kisha suluhu: kuwakalisha wakubaliane fidia, makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi. Wasipokubaliana, unawaelekeza kwenye chombo kinachohusika.

Hapo kwenye chombo ndipo alama zinapojificha. Kama tatizo la msingi ni mpaka wa ardhi, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu kama zamani. Anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msailiwa anayesema "nitampiga faini mfugaji" amejivika ujaji. Faini ina sheria ndogo yake na chombo chake, haitokani na kauli ya mtendaji.

Malizia na kuzuia: mpango wa matumizi bora ya ardhi, njia za mifugo, sheria ndogo. Sentensi moja inatosha. Na kama una tukio lako la kweli la kupatanisha watu, hata wapangaji wawili waliogombania maji, liweke hapo mwishoni kwa sentensi mbili.

Uadilifu

Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma za 2005 zina misingi minane: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, kufanya kazi kwa uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Ikariri. Huulizwa hivyohivyo.

Lakini jopo zuri litakwenda mbali: "Mwenyekiti wa kijiji, mzee unayemheshimu, anakutaka ugonge muhuri mwekezaji apewe ekari 40. Utafanyaje?" Jibu lina adabu na lina sheria. "Nitamsikiliza mzee, kisha nitamweleza kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Nitamshauri ombi liletwe kama ajenda. Akiendelea kunishinikiza, nitaandika taarifa kwa Mtendaji wa Kata, na kama kuna dalili ya rushwa nitatoa taarifa TAKUKURU." Namba yao ya bure ni 113. Usiseme utamkamata mwenyekiti, na usiseme utamkubalia kwa sababu ya umri.

"Tangu umalize chuo umekuwa ukifanya nini?"

Swali hili linawaumiza vijana wengi, na wengi hulijibu wakiangalia chini: "nipo tu nyumbani". Karibu hakuna mtu aliyekuwa "nyumbani tu". Uliuza duka la mama, uliendesha bodaboda, ulilima nyanya, ulikuwa wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu.

Chukua huyo wakala. Kila jioni anahesabu fedha taslimu, anaangalia salio la kwenye simu, jumla lazima ilingane na mtaji. Isipolingana anarudi kwenye daftari kutafuta muamala uliokosewa. Anakagua kitambulisho cha mteja. Anamkatalia jirani anayetaka apewe pesa kwa mkopo. Hiyo ni kazi ya fedha yenye nidhamu ya kila siku, na kwa mtu atakayeshika stakabadhi za kijiji ina uzito kuliko cheti cha semina. Iseme hivyo, kwa maelezo hayohayo, bila kuiomba radhi. Kama kweli hukufanya chochote kwa sababu ya kuuguza mzazi, sema ulikuwa unauguza na sasa uko tayari. Sentensi moja, usonge mbele.

Udhaifu, miaka mitano, na kituo cha kazi

"Udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi." Jopo limelichoka. Taja udhaifu wa kweli usiogusa kiini cha kazi, na hatua unayochukua: "Nilikuwa naogopa kuongea mbele ya watu wengi, nikajitolea kusoma taarifa kwenye kikundi chetu kila mwezi, sasa naweza, ingawa bado naandika dondoo kwanza." Kwa Mtendaji wa Kijiji usitaje hasira wala kuchelewa.

Miaka mitano ijayo? Jione ndani ya utumishi: umejiendeleza kimasomo, umepanda daraja. Usimwambie mwajiri kwamba unataka mtaji ukafungue kampuni. Ukiulizwa kama uko tayari kufanya kazi kijiji kisicho na umeme, jibu ni ndiyo au hapana. Ndiyo yenye "ila" tatu huhesabiwa hapana.

Mshahara

Serikalini hakuna cha kujadili: ngazi imeandikwa kwenye tangazo, na Mtendaji wa Kijiji III huanzia TGS B, moja ya ngazi za mishahara ya serikali. Ukiulizwa, sema unaifahamu na umeikubali.

Kampuni binafsi ni habari nyingine, na hapa watu huumia kwa kutaja namba bila kukokotoa. Tuseme umetaja 800,000 kwa mwezi ukimaanisha ya mkononi, mwajiri akaandika kama ghafi, yaani kabla ya makato. Inatoka NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, yaani 80,000. Zinabaki 720,000 za kutozwa kodi, na kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara), 520,000 za mwanzo zina kodi ya 20,000 na 200,000 zilizobaki asilimia 20, jumla 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo, HESLB (Bodi ya Mikopo ya wanafunzi) wanachukua asilimia 15 ya mshahara, 120,000. Unabaki na 540,000. Kwa hiyo anzia kwenye unachohitaji mkononi, panda juu mpaka ghafi, na useme neno "ghafi" kwa sauti: "Natarajia kati ya laki nane na milioni moja ghafi, kulingana na majukumu na marupurupu mengine."

Ukiulizwa kuhusu ndoa na mimba

Huwapata zaidi akina dada, na zaidi kwenye kampuni binafsi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, hata kwa mwombaji kazi. Kumtajia mhojaji kifungu pale mezani ni haki yako, ila ukitaka kazi hiyo, jibu wasiwasi uliojificha nyuma ya swali: "Mambo ya familia yangu nimeyapanga, hayatazuia ratiba ya kazi hii." Nyamaza hapo, usijieleze zaidi. Na kama maswali yataendelea upande huo, umeshajua utakuwa chini ya bosi wa namna gani.

Usipolijua jibu

Usibuni sheria. Wajumbe wanaijua. Sema: "Kifungu chenyewe sikikumbuki kwa uhakika. Ninachokijua ni hiki… na kazini ningethibitisha kwa mwanasheria wa halmashauri." Nusu alama ya ukweli ni bora kuliko sifuri ya kubahatisha. Kama hujaelewa swali, omba lirudiwe, mara moja.

"Una swali lolote kwetu?"

Kuwa na moja. "Mtendaji mpya hupewa mafunzo gani kabla ya kukabidhiwa ofisi?" ni swali zuri. "Matokeo yanatoka lini?" nalo halina ubaya, ila lisiwe pekee. Likizo na posho za safari ziache kwa siku ya barua. Shukuru, ondoka.

Jioni hiyohiyo andika maswali yote uliyoulizwa na ulichojibu, kabla hayajachanganyika na ya wenzako mliokutana nje. Kwa nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti yao ya maombi ya kazi, kufuatilia, na usibadilishe namba ya simu uliyojaza. Aliyefaulu akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ya kada yake ikipatikana anaweza kupangiwa kituo bila kurudi kwenye usaili.